Kabla ya Studio

Ukipata albamu mpya ya kwaya ya huku kwetu Pwani, iwe imetoka Maili Moja, Mlandizi, Kisarawe au Maneromango, usikimbilie kinanda. Kinanda kinahadaa. Produsa mmoja mwenye kompyuta na usiku mzima mbele yake anaweza kuuvalisha wimbo mbovu suti ya harusi, na wewe usishtuke mpaka umeusikiliza wiki nzima. Anza na besi. Watafute wale wanaume wa safu ya nyuma, uwafuate wao tu kuanzia ubeti wa kwanza mpaka kiitikio. Je, wana njia yao? Wanapanda soprano inaposhuka? Wananyamaza panapostahili kunyamaziwa? Au wanaimba kile kile wanachoimba akina mama, ila kwa chini? Jibu litakueleza karibu kila kitu kuhusu albamu uliyonunua, maana besi haitungwi studio. Ama ilikuja nayo kwaya, ama haikuja. Kama ilikuja, basi yupo mtu aliyekaa na daftari na penseli miezi mingi kabla ya mwimbaji yeyote kuvaa hedifoni.

Mtu huyo ni mwalimu wa kwaya, na ufundi wake ndio ninaoufuata hapa.

Nianze na hali yenyewe. Katika nchi hii ya kati ya Mto Ruvu na vilima vya Kisarawe, mwimbaji wa Injili hana lebo, hana meneja, hana wakala. Rose Muhando, mzaliwa wa Dumila, alipoingia mkataba na Sony Music mwanzoni mwa miaka ya 2010, habari ilitangazwa kila mahali kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa halijazoeleka Afrika Mashariki. Wengine wote hujilipia. Kwaya ina muuguzi wa hospitali ya Tumbi, mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa bodaboda, fundi cherehani, mama mwenye genge la nyanya pale stendi ya Mlandizi. Wanachanga kila mwezi. Anayechelewa mazoezini anatozwa faini, na faini nayo inaingia kwenye mfuko wa albamu. Wanauza maandazi baada ya ibada. Mtu mmoja akifiwa, mchango wa albamu unasimama, fedha zinakwenda msibani, na kazi inasogea mbele miezi kadhaa bila mtu kunung'unika. Mtafiti Mmarekani Gregory Barz, aliyekaa na kwaya za Kilutheri za Dar es Salaam miaka ya 1990 na kuchapisha kitabu kuzihusu mwaka 2003, aliliona hili mapema: kwaya ni jamii nzima yenye mwenyekiti, katibu, mhazini na mlezi, na uimbaji ni sehemu mojawapo ya maisha yake.

Ndani ya jamii hiyo mwalimu ndiye pekee ambaye kazi yake haionekani. Mwenyekiti anaonekana akisoma risala. Mwimbishaji anaonekana kwenye video akiwa mbele. Mwalimu alikwisha kumaliza.

Kitu cha kwanza anachopambana nacho ni Kiswahili chenyewe. Lugha yetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: Bwana, mwokozi, uzima, furaha. Ukiacha maneno machache kama lazima, ambayo wengi huyatia mkazo mwanzoni, kila neno la Kiswahili hushuka linapomalizika. Sasa zichukue tenzi zilizoletwa na wamisionari. Wabenediktini walifika Pugu mwaka 1888, wakashambuliwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Walutheri kutoka Berlin walijenga vituo vyao Kisarawe na Maneromango miaka ya 1890. Walikuja na nyimbo za kwao, nyingi zikiwa na mistari inayomalizika kwa silabi nzito: muziki unapanda, unafika kwenye pigo la mwisho na kulikanyaga kwa nguvu. Mfasiri aliyekuwa na neno la Kiswahili mkononi hakuwa na silabi nzito ya kuweka hapo. Akaweka nyepesi. Ndiyo maana mpaka leo kanisani tunaimba mwokozi kana kwamba uzito wote uko kwenye zi, na tumezoea kiasi kwamba mtoto anayejifunza kusoma hatambui kuwa neno la kwenye tenzi ndilo lile lile la kwenye kitabu.

Wapo waliolitafakari jambo hili kwa uzito. Padri Stephen Mbunga wa Peramiho alitunga Misa Baba Yetu mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano haujatoa hati ya liturujia ya Desemba 1963 iliyofungua mlango kwa muziki wa kila taifa. Mwaka huo huo wa 1963 alichapisha utafiti wake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Upande wa Walutheri, Howard Olson wa Makumira aliwaomba wanafunzi wake wa theolojia walete nyimbo za makwao, akazikusanya katika vijitabu vya Tumshangilie Mungu. Wote wawili walikuwa wakitafuta wimbo ambao mkazo wa neno na mkazo wa ngoma inakutana.

Mwalimu wa kwaya wa Mlandizi huenda hajawahi kusikia habari za Mbunga wala za Olson. Lakini mtazame anavyotunga. Anausema mstari kwanza, kwa sauti ya kawaida, mara tatu, mara nne, akigonga meza kwa kidole. Anasikiliza pale kidole kinapotaka kushuka. Kisha anaanza kuimba, akihakikisha silabi nzito inapata pigo zito na ile ya mwisho inabaki hewani, fupi, ikiteremka. Akikuta neno la silabi sita, tuseme ametukomboa, anajua ana silabi tano za kupanda nazo na moja ya kutua. Mtunzi mvivu huzigawa sawasawa kama matofali. Mtunzi mzuri huzipitisha nne za kwanza haraka, akaikalia ile mbo, akaacha a iende zake. Sikiliza albamu mbili mfululizo ukiwa na swali hilo tu kichwani, na utashangaa jinsi tofauti inavyojitokeza. Katika moja kila neno unalishika bila kusoma maandishi kwenye skrini. Katika nyingine inabidi ukisie.

Nadhani eneo hili limebahatika kwa masikio pia. Hii ni nchi ya Wazaramo, nchi ya ngoma ya mdundiko, na sehemu kubwa ya watu wake ni Waislamu. Mwimbaji wa kwaya ya Kisarawe amekulia kando ya madrasa. Kaswida na Maulidi amezisikia tangu tumboni. Kibanda kile kile kinachouza albamu za kwaya huuza za kaswida, na muuzaji hubadilisha kulingana na mteja anayekaribia. Sauti hizi zinaingiliana bila mtu kuzipangia kikao. Irabu ndefu inayopindwa mara mbili tatu kabla ya kutua, ambayo kwaya ya bara haiifanyi, huku inajitokeza kwa solo wa kike hata kama mwalimu hakuiandika. Walimu wenye busara wanaiacha. Wasio na busara huikataza kwa kuwa haimo kwenye nota.

Na nota zenyewe ni habari nyingine. Kwaya zetu nyingi haziandiki muziki kwa mistari mitano ya Kizungu. Zinaandika kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huu ulianzishwa na mwalimu wa kike wa Norwich huko Uingereza, Sarah Glover, ukaendelezwa na mchungaji John Curwen kuanzia miaka ya 1840 ili watu wa kawaida waweze kusoma muziki bila kulipia mafunzo ya piano. Nchini mwake umefifia. Kwetu uko hai, na sababu ni ya kimatumizi: unahitaji chaki na ubao tu, au kalamu na karatasi ya mraba. Nukta mbili hutenganisha mapigo. Mstari wa wima hufunga kipimo. Kistari hurefusha noti iliyotangulia. Juu, upande wa kushoto, unaambiwa doh ni G au doh ni F, na mwendo ni wa mapigo mangapi. Mistari minne inakaa mmoja chini ya mwingine, soprano, alto, tena na besi, na maneno yanapita katikati. Unaweza kuutuma wimbo mzima kwa picha moja ya simu.

Mfumo huu una uzuri mmoja ambao wenye kusoma mistari mitano huusahau. Herufi haikwambii sauti ipo juu kiasi gani. Inakwambia ina uhusiano gani na doh. Mwimbaji anayesoma t anajua yuko mlangoni mwa nyumbani, hatua ndogo tu na amefika. Anayesoma f anajua anavutwa chini kuelekea m. Hafikirii vitufe vya kinanda, anafikiria ujirani wa noti. Ndiyo maana kwaya iliyofundishwa kwa herufi inaweza kuhamishwa kutoka A flati kwenda G kwa sababu solo ana mafua, na isitetereke.

Katika daftari la mwalimu ndipo unapouona ufundi wa kupanga sauti ukiwa uchi. Soprano kila mtu anaweza kuitunga. Huo ndio wimbo wenyewe, mtu anaupata akiwa njiani. Alto ni ngumu zaidi, kwa sababu iko katikati na haina pa kwenda. Mtunzi asiye makini anaiacha alto kwenye noti moja, s s s s, mpaka akina mama wanasinzia. Mwenye upendo kwa waimbaji wake anaitafutia alto angalau sehemu moja katika kila wimbo ambapo inapanda juu ya soprano, au inabaki peke yake kwa pigo moja wakati wengine wamevuta pumzi. Alto wa kwaya ya namna hiyo utawajua kwenye video: wanatabasamu kabla ya sehemu yao kufika. Watu wa tena nao wana hatari yao, kwamba ni vijana na wanapenda kupiga kelele. Na besi, nimekwisha kuisema.

Kisha yanakuja mazoezi. Pita karibu na kanisa lolote la Kibaha siku ya Jumamosi jioni utayasikia yakiwa yamegawanyika vipande: besi nyuma ya jengo, soprano ndani, alto chini ya mwembe, tena kwenye ngazi. Kila kundi linarudia mistari minne ile ile. Mwalimu anazunguka. Hana kinanda, na kama anacho amekizima kwa makusudi. Kuna sababu ya kisayansi hapa, ingawa mwenyewe atakwambia tu kwamba kinanda kinawafanya wavivu. Kinanda kimepimwa ili kicheze kila ufunguo bila kukwaruza sana, na gharama ya hesabu hiyo ni kwamba umbali wa d hadi m kwenye kinanda ni mpana kidogo kuliko ule ambao koo la binadamu huuchagua lenyewe likiimba na makoo mengine. Watu wanne wakiimba bila ala, wakisikilizana, huisogeza ile m chini kidogo bila kujua, na ghafla sauti nne zinashikana na kuwa kitu kimoja chenye mlio wa ziada juu yake. Kila mwanakwaya anaujua mlio huo. Wanasema sauti imekaa. Kwaya iliyofanya mazoezi na kinanda kuanzia siku ya kwanza haiupati.

Makundi manne yakirudi pamoja, dakika kumi za kwanza ni vurugu. Wa tena wanadandia soprano. Mama mmoja wa alto, mwimbaji mzuri kabisa, anapotea kila anapomsikia dada yake wa soprano aliyesimama karibu. Mwalimu hamkaripii, anambadilishia nafasi ya kusimama. Hata kupanga watu ni utunzi. Wenye masikio imara wanawekwa mipakani, pale alto inapokutana na tena, ili wawe ukuta. Wapya wanawekwa katikati ya wenzao. Nimewahi kuona mwalimu akimhamisha mtu mmoja tu hatua mbili kulia, na wimbo uliokuwa umegoma tangu saa kumi ukakaa.

Haya huchukua miezi. Wimbo mmoja wa dakika sita unaweza kuimbwa ibadani mara nyingi kabla haujahesabiwa kuwa tayari kwa albamu, na kila mara mwalimu anapunguza kitu. Kupunguza ndiko kunakonivutia zaidi. Toleo la kwanza lina sauti nne zikiimba muda wote. La mwisho lina ubeti wa besi na tena peke yao, kiitikio cha wote, kimya cha pigo moja, halafu soprano wanaingia juu kama hawakutarajiwa.

Idadi ya nyimbo kwenye albamu ni urithi wa kanda. Kanda ya dakika 60 ilikuwa na dakika 30 kila upande, zikitosha nyimbo nne au tano, na kwaya zetu zimeendelea kutoa albamu za nyimbo nane mpaka kumi ingawa kanda imekufa na hakuna tena upande A na B. Nafurahi zimeendelea. Wasanii wa Bongo Fleva wamehamia kwenye wimbo mmoja mmoja kwa sababu ndivyo soko la simu linavyotaka. Kwaya bado inafikiri kwa albamu, kwa maana ya mpangilio. Wimbo wa kwanza ni wa kuchangamsha, wenye sebene ndefu, kwa kuwa ndio ambao muuzaji wa kibandani atauweka kwenye spika. Wa pili unashuka. Katikati unakaa ule wa toba. Wa mwisho ni wa kutazamia mbinguni. Mimi huutafuta wa tano kwanza, ule uliokuwa ukifungua upande B. Hapo ndipo mwalimu huficha wimbo anaoupenda mwenyewe, ambao hautauza, wenye mwendo wa ajabu au maneno magumu ya manabii wadogo.

Sebene nayo isidharauliwe. Wako wazee wa kanisa wanaoikunjia uso, wakisema ni muziki wa baa uliopewa Biblia. Gitaa hilo la mwendo wa kasi lilitoka Kongo, na limezoeleka kanisani kiasi kwamba ibada ya shukrani bila sebene inaonekana haijakamilika. Kwaya ya Barabara ya 13 ya Ulyankulu, Tabora, iliyozaliwa katika makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 na kujiita kwa namba ya barabara yao, imewafundisha wengi namna gitaa na sauti vinavyoweza kujibizana. Ugumu wake uko kwenye mlango wa kuingilia. Wimbo ulikuwa unatembea, sasa unatakiwa kukimbia, na msikilizaji asihisi kwamba ameamshwa kwa kofi. Mtunzi hodari hupanda mbegu mapema: neno moja la kiitikio linalorudiwa mara mbili ubeti wa kwanza, mara nne ubeti wa pili, na likifika mara ya nane gitaa tayari limeingia na wewe umekwisha kusimama.

Sasa ndiyo studio. Zamani aliyetaka kurekodiwa alikwenda Radio Tanzania Dar es Salaam, pale Barabara ya Pugu, ambayo ukiifuata mpaka mwisho inakupeleka kwenye vilima vya Kisarawe. Kundi lilirekodiwa kwa pamoja, kwa vipaza sauti vichache. Mmoja akikosea, wote wanarudia kuanzia mwanzo. Adhabu hiyo ilifundisha nidhamu. Leo studio ziko mpaka vichochoroni, na utaratibu umegeuka. Produsa anatengeneza biti kwanza. Halafu anaingiza soprano peke yao, wanatoka, anaingiza alto, wanatoka. Kila kundi linaimba likisikiliza kinanda masikioni, halisikii wenzao. Na ile m iliyokuwa imesogea chini kidogo mwembeni inarudishwa juu kwa nguvu, kwanza na kinanda, kisha na programu ya kunyoosha sauti. Matokeo ni masafi, hayana kosa, na yamepoa.

Kwa hiyo ninapokutana na albamu mpya ambayo sauti nne zimekaa kweli, najua kulikuwa na ugomvi studio. Mwalimu alikataa. Alidai watu wote waingie chumba kimoja, besi nyuma, alto mbele, wakaimba wimbo mzima bila kukatisha, na produsa akalalamika kwamba hataweza kurekebisha sauti ya mtu mmoja. Hicho ndicho mwalimu alichotaka, isiweze kurekebishwa. Inahitaji moyo kumwambia hivyo kijana mwenye mitambo wakati mhazini amesimama mlangoni akihesabu saa, na Coaster ya kurudi Kibaha inasubiri.

Uzinduzi sitauzungumzia sana. Kila mtu ameuona: maturubai, kwaya alikwa, mgeni rasmi aliyechelewa, nakala ya kwanza inayonadiwa kwa bei ya ng'ombe. Siulaumu mnada huo, maana ndio unaolipa deni la studio na kununua vyombo. Ninacholaumu ni uwiano. Nimehudhuria uzinduzi ambao hotuba zilikuwa nyingi kuliko nyimbo, na kwaya iliyofanya kazi mwaka mzima ikapewa nafasi ya kuimba nyimbo mbili, tena kwa kucheza sidii na kufungua midomo. Kama ni kuzindua albamu, iimbeni albamu.

Baada ya hapo inaingia sokoni, yaani inaanza kuibiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, Namba 7, na stempu za kodi kwenye sidii zilianza mwaka 2013, lakini kwaya ya kijijini haijawahi kutajirika kwa nakala. Sasa inauza flashi mlangoni mwa kanisa na kuweka video YouTube. Treni ya SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, ikisimama Pugu, Soga na Ruvu, nyimbo hizi zilipata njia mpya: simu za abiria.

Ila kuna haki moja ndani ya sheria hiyo ambayo haihitaji mwanasheria wala fedha, nayo ni haki ya mtunzi kutajwa kuwa ndiye aliyetunga. Kwaya za Kikatoliki zimezoea kuandika jina la mtunzi juu ya karatasi ya nota, na likidurufiwa mara mia linabaki pale. Kwenye gamba la albamu na kwenye maelezo ya video za kwaya zetu nyingi, za madhehebu yote, utakuta jina la mchungaji, mlezi, mwenyekiti, produsa, mpiga picha na namba tatu za simu. Aliyetunga besi hayupo.

Kumsahau mtunzi hakukuanza leo. Wimbo wetu wa taifa una tuni iliyotungwa na Enoch Sontonga mwaka 1897. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg na mwalimu wa kwaya, na aliiandika kwa herufi hizi hizi za d, r, m. Alifariki mwaka 1905. Kaburi lake lilipotea machoni pa watu, na halikutangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa la Afrika Kusini mpaka mwaka 1996, wakati ambapo nchi kadhaa zilikwisha kuimba tuni yake kwa miaka mingi zikiwa zimesimama wima.

Basi ombi langu kwa kamati za kwaya za Kibaha na Kisarawe zinazoandaa albamu mwaka huu ni dogo: kabla gamba halijaenda kuchapwa na kabla video haijapandishwa, andikeni chini ya kila wimbo jina la aliyeutunga na jina la aliyepanga sauti.